Khalfan, Wimbi Linajisukuma Lenyewe

Mutrah, Maskati
Mwisho wa mwaka 1970

Khalfan, yakhe,

Nimefika, wiki kadhaa sasa. Nnakuandikia nikiwa juu, chumbani kwako, kwenye meza yako, na chini nawasikia mamako na mdogo wako Raya wakibishana juu ya chumvi ya mchuzi. Nilidhani nikifika mlango wa chumba hiki miguu itagoma. Haikugoma. Raya kakiweka safi, na ile mashine yako ya kuhesabu, ya kuzungusha kwa mkono, imefunikwa kitambaa alichokishona mamako mwenyewe, kina maua ya manjano ambayo ungeyacheka. Mwenyezi Mungu akurehemu. Nna mengi ya kukwambia, na moja kubwa kuliko yote. Lakini niache nianze nyuma, maana nikianza na hilo, kalamu haitokwenda tena.

Wewe ulikufa hujui jibu. Hilo ndilo lililonikaa kifuani tangu barua ya mjomba wako ilipofika Uingereza kwa kupitia Bahrain, imechelewa, wewe umeshazikwa zamani. Watu walinipa pole, wakanambia kijana mdogo, masikini, moyo mbovu tangu utotoni. Mimi nilikuwa nafikiri kitu kingine. Nilikuwa nafikiri, hakungoja. Laiti angengoja kidogo tu nikasawazisha lile bamba la majaribio yetu.

Unakumbuka kisa cha daktari wa Unguja? Ulinihadithia sote tukiwa bado skuli. Ulikuwa mtoto, umetoka kuumwa homa ile ya viungo iliyokuharibu moyo, na daktari akakuvisha masikioni mipira yake ili usikilize kifua chako mwenyewe. Kwanza akakusikilizisha moyo wake yeye: mapigo mawili safi, kama mtu anayebisha hodi. Kisha wako. Wako ulikuwa ukivuma. Akakueleza kuwa damu hupita kimya, na ikifika pale penye mlango ulioharibika huvurugika, na vurugu lile ndilo lenye sauti. Mtoto mwengine angelia. Wewe ulimuuliza inavurugika wapi khasa, na kwa nini pale na si kabla. Daktari akacheka, akasema hajui. Ukanambia, "Nikaona basi, kama yeye hajui, hii kazi bado iko wazi."

Mimi nilikwenda Uingereza kwa sababu nilitaka kuunda ndege. Wewe ulikwenda kwa sababu ya swali lile. Ndiyo maana wewe ulijua unachokitafuta na mimi nilikuwa nafuata.

Sikukushukuru vya kutosha kwa mwaka ule wa sitini na nne. Ilipokuja habari ya mapinduzi ya Unguja redioni, mimi nililala. Sikuwa mgonjwa. Nililala tu, nimeupa uso ukuta, sijui wazee wangu wa hai au wamekufa, na masomo nikayaona upuuzi mtupu. Nani atajenga ndege, na zende wapi. Wewe nawe hukuwa na habari za mamako wala za Raya. Lakini ulikuja kila siku, ukapanda ngazi za nyumba ile ya baridi, unasimama katikati kupumua, nakusikia. Ukanipikia uji, ukatia pilipili manga nyingi mno. Hukunambia nisubiri wala nijikaze. Siku moja ulivuta blanketi ukasema, "Inuka. Nna utepe unataka mikono miwili, na mimi mmoja wangu unatetemeka."

Nikainuka kwa ajili ya utepe.

Ukanipeleka kwenye lile handaki la upepo, lile bomba kubwa la maabara linalopitishwa upepo kwa mashine, ukanionyesha bamba refu la chuma lililolazwa katikati yake. Maneno yako nnayo mpaka leo. "Upepo wote huu unaokwenda mbio," ulisema, "hapa unapoligusa bamba umesimama. Umeganda kabisa. Juu yake kidogo unatambaa, juu tena unatembea, mpaka unaufikia upepo wenyewe. Tabaka lote hilo halizidi unene wa ukucha. Na humo ndimo yanamozaliwa mambo yote." Tukautandaza ule utepe wa shaba karibu na bamba, tukautikisa kwa umeme, nao ukapeleka mbele wimbi dogo la hewa, jicho haliwezi kuliona. Mbele yake tukaweka waya mwembamba kuliko unywele, tumeupasha moto. Kila wimbi likipita waya unapoa na kupata moto, na mstari wa mwanga kwenye kioo cha mashine unapanda na kushuka. Ndivyo nilivyoliona wimbi lako mara ya kwanza. Lilikuwa zuri, limenyooka, halina haraka.

Ukiutikisa utepe maradufu, na wimbi maradufu. Ulikuwa ukiliita wimbi lenye adabu. Linakua likienda, lakini linakua kwa hesabu inayojulikana. Halafu likifika kimo fulani, adabu inakwisha. Mstari wake uliokuwa umenyooka unapinda, hapa kilele, pale bonde, na kwenye kilele linakua kwa pupa, mpaka linapasuka ikawa vurugu tupu. Sote maabara tulikuwa tukiliona hilo. Swali lako lilikuwa: pale linapoacha adabu, nani analisukuma?

Profesa wetu, mtu mpole yule, aliamini kuwa wimbi likishakuwa kubwa hula chakula chake likakimaliza, kwa hivyo hujifunga breki lenyewe, na vurugu linatoka kwengine. Wewe ukasema la. Ukasema wimbi likikua huugeuza ule upepo unaolibeba, na upepo ukishageuka hulilisha zaidi, nalo likazidi kuugeuza. Linajisukuma lenyewe. Mkaachana hapo kwa heshima. Yote yalikuwa yakitegemea namba moja ndani ya mlinganyo wako. Ikitoka hasi, wimbi linajizuia, na haki ni ya profesa. Ikitoka chanya, linajisukuma, na haki ni yako. Kuipata namba ile kulitaka hesabu za miezi na miezi. Nikaanza kukuita Bwana Namba, nawe ukaniita mimi Bwana Utepe, na watu wa kantini wakadhani ndiyo majina yetu ya ukoo.

Kisha moyo wako ukaanza kushindwa. Madaktari wa kule walikueleza wazi kuwa kuupasua ni bahati nasibu. Mamako na Raya walikuwa wameshafika Maskati, mjomba wako wa Mutrah kawaombea ruhusa ya kuingia nchi, na wewe ukapata yako. Mimi sikuwa na mtu wa kuniombea. Uwanja wa ndege, umevaa koti langu kwa sababu lako halikuwa na joto, nikakufunga vifungo. Ukanambia: "Nnakwenda kuhesabu kwa mama. Wewe kaa hapa unipimie." Kama kwamba tumegawana kazi za mchana tu.

Raya kanihadithia namna ulivyofika. Watu wa forodhani waliigeuza mashine yako juu chini, wanaona ina mkono na tarakimu, wakadhani ni kitu cha kupelekea habari. Mjomba wako akaapa kuwa ni ya kujumlishia tu, na wewe ukawajumlishia umri wa wote waliokuwepo pale, wakacheka, wakakuacha upite. Hukuniandikia kisa hicho. Barua zako zilikuwa hesabu tupu, na chini kabisa mstari mmoja: mama hajambo, joto kali, Raya anajifunza.

Kwamba Raya anajifunza, mimi nilidhani kusoma na kuandika. Sikujua kuwa ulimweka hapa mezani kwa sababu mkono wako ulikuwa umechoka kuzungusha, ukamfundisha kwanza kujumlisha kwa mashine, kisha kwa nini tunajumlisha, kisha mlinganyo wenyewe. Mji ambao haukuwa na skuli hata moja ya wasichana, wewe ulifungua yako, mwanafunzi mmoja. Anasema ulikuwa mkali. Akikosea, humwambii kakosea wapi, unamwambia rudi nyuma. Anasema siku namba ilipotoka, mliizungusha mara ya pili na ya tatu, na kila mara inatoka chanya. Na mamako akawakuta mnacheka hovyo, akadhani kuna harusi.

Ukaniandikia: chanya. Nikampelekea profesa. Akaisoma siku nyingi, akanambia haoni kosa katika hesabu, lakini hesabu ni hesabu. Akasema, "Yeye kamaliza sehemu yake. Sasa wewe pima."

Na mimi nikawa siwezi kupima. Hili lilinitesa, Khalfan. Kila nikikaribia kile kimo chako, wimbi linavurugika mapema, kabla halijaonyesha tabia yake. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha utepe. Nikalisugua bamba mpaka nikauona uso wangu ndani yake. Nikagundua malori ya barabarani yanalitikisa jengo, nikawa nafanya kazi Jumapili tu, mji umelala. Na bado. Wewe ukiuliza katika kila barua, kwa upole, "Utepe vipi?" na mimi nikijibu, "Bado." Mwisho zikaacha kuja barua zako. Ikaja ya mjomba.

Niliendelea kwa sababu sikujua kitu chengine cha kufanya. Sitaki kujisifu. Baada ya muda, fundi wetu, yule mzee wa chai nyingi, alipitisha kidole chini ya ukingo wa mbele wa bamba na mimi nikapitisha changu, sote tukakwama mahala pamoja. Palikuwa na kinundu kidogo cha gundi iliyokauka, kimejificha chini ambako hatukuwa tukitazama. Tukakikwangua. Jumapili iliyofuata nikauwasha upepo, nikautikisa utepe taratibu, nikaongeza, nikaongeza tena. Wimbi likaja na adabu zake. Likafika kimo ulichokiandika wewe. Na hapo, yakhe, hapo hapo ulipopasema, likaanza kukua kuliko utepe ulivyolipa haki ya kukua. Halikujizuia. Nikarudia mpaka mkono ukafa ganzi, na kila nikirudia ni vile vile.

Namba yako ni chanya. Wimbi linajisukuma lenyewe. Ulikuwa umesema kweli.

Hilo ndilo kubwa nililolibeba kukuletea. Sasa nimelisema, na mamako keshanyamaza kule chini, nadhani kashinda yeye ile kesi ya chumvi.

Profesa alikuja akatazama, akasema anafurahi kukosea. Akaketi pale pale akaandika kwa mkono wake kuwa makala itoke kwa jina lako kwanza. Sikumwomba. Nilitaka ujue kuwa hakungoja kuombwa.

Mwaka huu kaingia Sultani mpya, na mambo ya hapa yakageuka, nadhani hata wewe hungeamini. Milango ya mji iliyokuwa ikifungwa kila usiku sasa iko wazi. Mtu anatembea baada ya isha bila ya fanusi. Redio zinalia madukani. Watu wetu waliotawanyika wanaitwa warudi, na wanarudi, kutoka Mombasa, Kairo, Uingereza, na ukipita sokoni Mutrah unakisikia Kiswahili kila kona, na wenyewe wa hapa wanatucheka Kiarabu chetu. Pwani wanamwaga mawe kutwa, wanajenga bandari. Nami nikapata karatasi zangu. Kwenye ndege nilikaa usawa wa bawa. Lilikuwa na vumbi, na vumbi lile lilivuka bahari yote halikutikisika, upepo unapita juu yake kwa kasi ya kutisha. Nikamwonyesha abiria mwenzangu. Akatazama vumbi, akanitazama mimi, akarudi kulala. Wewe tungelizungumza mpaka tunatua.

Nilipofika kwenu sikujua mamako atanipokea vipi. Mimi ndiye niliyebaki, na mama aliyefiwa huwa hajui amfanye nini rafiki aliyebaki. Alinipa maji, akanipa kahawa, halwa, akaniuliza wazee wangu. Hakukutaja. Siku ya pili vile vile. Raya akaninong'oneza kuwa tangu ufe mamako hapendi kuulizwa juu ya karatasi zako, kwa sababu majirani walisema maneno. Walisema kijana wa watu kasoma mpaka akachanganyikiwa, anaandika mawimbi kutwa na bahari iko nje hapo.

Ijumaa, baada ya sala, alikuwa akifukiza udi chumba cha chini. Nilikuwa nimekaa mkekani. Kaweka chetezo mbele yangu, kisha badala ya kutoka, akaketi.

"Nassor," akanambia, "mwanangu alikuwa akifanya nini?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa swali hilo miaka. Nikautazama moshi. Nikamwomba afunge mlango, akaufunga, na hewa ilipotulia moshi ukapanda juu umenyooka kama uzi. Nikamwambia autazame. Ulikwenda umenyooka, kisha juu kidogo ukaanza kutikisika, wimbi dogo, kisha kubwa, kisha ukavunjika ukatawanyika chumba kizima. Nikamweleza kuwa ule wa Khalfan ulikuwa ni upepo uliobanana na bamba, si moshi, lakini ni ndugu zake. Nikamwambia, watu wengi wametazama pale chini uliponyooka, na wengi wametazama pale juu ulipovurugika. Khalfan alitazama hapa. Nikaweka kidole pale wimbi dogo linapoacha kuwa dogo.

Alitazama muda mrefu. "Hapo tu? Miaka yote ile?"

"Hapo tu, mama."

"Na alipaona?"

"Alipaona. Kabla yangu mimi, na kabla ya mtu yeyote ninayemjua. Mimi nimepima tu, nikakuta ni kama alivyosema."

Hakulia. Alikishika chetezo akakisogeza kidogo, halafu akakirudisha. Akasema, "Alhamdulillah. Mimi nilidhani anajipa kazi ili asisikie maumivu." Kisha akaniomba nimwite Raya, nimweleze tena na yeye akiwepo. Raya akamweleza yeye, kwa Kiarabu na Kiswahili, vizuri kuliko mimi, na mamako akawa anamtazama bintiye kama kwamba kafunguliwa mlango wa chumba asichojua kuwa kimo nyumbani mwake. Tangu siku ile anakutaja. Anakutaja mpaka tunacheka. Jirani akija anaambiwa mwanangu alikuwa akitazama hapa, na kidole kinapanda hewani.

Jana tulikwenda kaburini, njia ya kwendea Darsait, sisi watatu na mjomba wako. Nilisoma Fatiha. Nilitaka kukwambia habari hizi pale pale, lakini mjomba wako alikuwa karibu na ningeona haya. Ndiyo maana nnaandika.

Asante, Khalfan. Asante kwa ngazi zile ulizozipanda na moyo ule. Asante kwa uji wenye pilipili manga. Mimi ningekuwa nimelala mpaka leo. Asante kwa kuniachia kazi badala ya kuniachia maneno, na asante kwa Raya, maana wiki ijayo anaanza kufundisha hesabu katika skuli ya wasichana iliyofunguliwa, na wamemwuliza kasoma wapi, akajibu, "Nyumbani, kwa kaka yangu." Wamemkubali baada ya kumtahini. Mtahini alitoka chumbani ameshika kichwa.

Mimi nimechukuliwa katika ofisi ya maji. Tunatandaza mabomba. Maji nayo yana tabaka lake linaloganda ukutani, na wimbi lake, na wenzangu wameshachoka kunisikia. Sirudi Uingereza. Profesa kaniandikia kuwa nafasi ipo, nami nikamshukuru.

Nnakuahidi haya. Makala ikitoka ntamsomea mamako jina lako, na Raya ntampa nakala yake mwenyewe. Kila mwanafunzi atakayekaa mbele yangu, nikijaaliwa kufundisha, ntamwonyesha pale penye kidole chako, na ntamwambia nani alitazama kwanza. Na mamako hatokosa mtu wa kumbebea kapu la sokoni maadamu nipo hai. Lala salama, ndugu yangu. Mola akuangazie kaburi lako, akuweke pahala pa utulivu.

Mamako ananiita, chakula kimeiva. Wiki ya kwanza alikuwa akiniita Nassor, kisha akawa anaita "wewe kijana wa juu". Sasa hivi kaita, "Mwanangu, shuka." Niliuangalia mlango nikidhani labda kuna mtu mwengine, kisha nikaitika.

Nassor